Jiwe Jipya Beseni

Kazi yangu ni kamba. Nawafunga wageni viunoni,
nawateremsha pangoni unyayo kwa unyayo,
nawaonya: hapa pana utelezi, hapa mavi ya popo,
hapa inama, kofia yako si ngumu kuliko mlima.
Hulipwa kwa siku. Afadhali hii kuliko miwa.
Miwa ndiyo iliyochukua macho ya baba:
moto wa kuchoma majani, upepo ukageuka,
kisha miaka miwili ya ukungu,
kisha hata ukungu ukaondoka.

Chini kabisa pana bwawa lisilojua mchana.
Bi Otilia, mtafiti kutoka San Luis,
alijaza maji beseni la kufulia, akatia samaki wanne
wenye rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.
Pahali pa jicho pana ngozi tu,
kama dirisha lililozibwa likapigwa chokaa.
"Zima taa, Reynalda."
Nikazima.

Giza la pangoni si la usiku.
Usiku wa Huasteca una nyota, una mbwa wa jirani,
una mwanga wa kiwanda cha sukari ng'ambo ya mto.
Hili lilinikaa usoni kama blanketi bichi.
"Sasa tia kidole majini. Kisitikisike."

Nikatia.
Wakaja. Nilijua wamekuja, na hawakunigusa.
Kilichonigusa ni maji waliyoyasukuma,
mguso mwembamba, kama mtu anayepita nyuma yako kanisani.
Mmoja, wa pili, tena wa kwanza,
wakikizunguka kidole changu
kama kilikuwa hapo tangu mababu.

"Hupiga mkia mara moja," alisema gizani,
"kisha huteleza, ametulia, anasikiliza kwa ubavu.
Maji aliyoyatangulizia hubanwa na ukuta,
naye huusoma ule mbano kwa vinyweleo
ambavyo wewe usingeviona hata kwa taa."
"Na akisimama?"
"Akisimama, maji hunyamaza. Hapo ndipo anapopofuka."

Akatumbukiza jiwe. Nikasikia chubwi.
Samaki hawakujibanza pembeni.
Waliongeza mwendo! Kidole changu kilihesabu:
mara tatu, mara nne, kasi, karibu na jiwe, karibu zaidi,
kama wanawake sokoni wakipapasa kitambaa kigeni.

Baba amekaa kwenye kiti chake tangu Februari.
Tunampelekea maji, tunampelekea chakula,
tunamhamishia kiti kivuli kinapohama.
Tumezoea kumwambia: tulia, Fidencio, utaanguka.
Mimi mwenyewe nimesema hivyo, kwa upendo,
mara ngapi.

Jioni ile nilishusha gunia la mahindi
katikati ya njia ya jikoni, nikaliacha.
Kama ni kusahau au ni makusudi, padri asiniulize.
Nikasema: "Baba, chumvi iko jikoni. Niletee."
Mama aliniangalia kama nimemtukana.

Akainuka. Hatua mbili za mzee, za kuburuta.
Kisha ya tatu ikawa hatua kweli.
Shati lake likapeperuka kidogo.
Shubiri moja kabla ya gunia akasimama,
akageuza shavu, kwanza la kulia,
kisha la kushoto, kama anayenyolewa.
"Kuna kitu hapa," alisema. "Hewa imenenepa."
Akalizunguka.

Akarudi na chumvi, mwendo wa kijana,
akajigonga bega mlangoni, mlango ule ule
alioutundika mwenyewe mwaka niliozaliwa.
Mama akaruka. Baba akatukana, akacheka, akatukana tena.
Pale bwawani nilisikia hivyo pia,
mara moja, kidogo sana: kichwa kwenye jiwe,
tk,
na mkia ukiendelea.

Chumvi yenyewe ilikuwa sukari.
Tuliila hivyo hivyo kwenye maharage.
Gunia bado lipo njiani. Kesho nitalihamisha,
sitamwambia wapi.